Mikono minne, kiti kimoja: tulivyotafuta muziki wa piano ulio rahisi kwa watu wawili

Wasomaji wetu watatuwia radhi leo. Wiki nzima tumeandika siasa, na kesho panapo majaliwa tutaandika tena. Leo tunaomba nafasi tuzungumzie piano, na hasa jambo moja lililotusumbua nyumbani kwetu kwa karibu miaka miwili: mtu atapata wapi muziki wa klasiki wa Ulaya unaoweza kupigwa na watu wawili kwenye piano moja, bega kwa bega, mikono minne, bila ya wote wawili kuwa mabingwa? Tunajua wapo watakaouliza, mtu aliyekimbia nchi yake ana nini na piano. Swali ni la haki, nasi tutalijibu.

Piano yenyewe hatukuinunua. Tulilazimika kuondoka nyumbani kwa sababu ambazo wasomaji wetu wa siku nyingi wanazijua na hatuna haja ya kuzirudia, na katika kuhamahama tukaangukia Leicester, katikati ya Uingereza. Mtaani kwetu yupo mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, aliyefika hapa mwaka 1972 baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. (Mwaka huo Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaasa wasije huku. Walikuja, na leo huwezi kuueleza mji huu bila wao.) Mzee huyu Kiswahili chake hakijafa. Siku moja alitusimamisha njiani akasema, "Bwana, mke wangu hayuko tena, piano yake inakaa tu. Chukua. Lakini uje na wanaume wanne." Tulikwenda na wanaume wanne, tukaongeza wa tano, na tukalipa paundi 90 za gari. Wenye hamu ya piano wajue mapema kwamba katika nchi hizi piano kuukuu hutolewa bure mara nyingi. Kinachokula fedha ni kuibeba na kumwita fundi wa kusawazisha sauti.

Binti yetu alikuwa na miaka minane. Alianza masomo kwa shauku kubwa, na baada ya miezi kumi shauku ikaisha. Kila jioni aliketi peke yake, akapiga mistari miwili, akakosea, akaanza upya, akakosea palepale, mwishowe akafunga kifuniko na kupanda chumbani. Sisi wakati huo tulikuwa tukifanya kazi ya usiku kwenye ghala na kuhariri habari asubuhi, kwa hiyo tulikutana naye saa moja au mbili tu kwa siku. Na katika saa hizo tulimsemesha Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza. Wazazi walioko ughaibuni hatuhitaji kuwaeleza zaidi ya hapo.

Mwalimu wake, mama mmoja mpole, alituambia maneno yafuatayo: "Huyu mtoto hajachoka na piano, amechoka na upweke. Tafuta muziki wa mikono minne, upige naye." Tukamjibu kwamba hatujui kupiga piano. Akauliza kama tunajua kusoma nota. Tukamwambia tunajua d r m.

Hapo wenzetu waliokulia kwenye kwaya za makanisa ya Afrika Mashariki wametabasamu. Sisi tulikulia Mwanza, na kabla ya sauti kuvunjika tulikuwa alto, baadaye tukawa besi. Karatasi zetu zilijaa herufi na nukta: d r m f s l t, na mistari midogo ya kugawa mapigo. Mwalimu wa kwaya alizinakili ubaoni kwa mkono. Hatukuwahi kuona nota zenye vichwa na mikia mpaka tulipofika chuo kikuu. Cha kuchekesha ni kwamba mfumo huo ulizaliwa hukuhuku Uingereza. Aliyeuanzisha ni mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akauendeleza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakauchukua kwenda nao Afrika. Waingereza wenyewe wengi wameusahau. Yule mama tulipomwandikia d r m juu ya wimbo wa mtoto alitutazama kama watu waliotoka kwenye makumbusho.

Basi tukaanza kutafuta, na tulianza vibaya. Tuliagiza kwa njia ya mtandao kitabu kinene kilichoandikwa juu yake kwamba ni nyimbo rahisi za klasiki kwa watu wawili. Hatutamtaja muuzaji. Kilipofika tukakuta nusu ni nyimbo za filamu, na nusu ya pili ni simfoni maarufu zilizokatwakatwa hadi zikabaki mifupa. Mtoto alizipiga wiki moja akasema hazina ladha. Alisema kweli.

Safari ya pili tukajiona wajanja zaidi. Tulisikia kwamba Mfaransa Georges Bizet aliandika mwaka 1871 vipande 12 vya mikono minne vinavyoitwa Jeux d'enfants, maana yake michezo ya watoto. Tukasema hapa tumefika. Kumbe vinahusu watoto, havikuandikwa ili watoto wavipige. Kile cha pia, yaani pia ile ya kuchezea, kinazunguka kwa kasi ambayo vidole vyetu vya ghala haviiwezi hata kwa ndoto. Ndipo tukajifunza kwamba neno "rahisi" peke yake halisaidii kitu. Lazima uulize: rahisi kwa nani? Maana kwenye piano moja wanakaa watu wawili. Yule wa kulia, anayepiga sauti za juu, Waitaliano humwita primo. Yule wa kushoto, anayepiga za chini, ni secondo. Kipande kinaweza kuwa rahisi kwa mmoja na mateso kwa mwingine, na mtunzi mara nyingi alikusudia hivyohivyo, kwa sababu alikuwa anamwandikia mwalimu na mwanafunzi wake. Ukishalielewa hili, nusu ya kazi ya kutafuta imekwisha.

Aliyetuokoa ni Anton Diabelli. Wapenzi wa Beethoven wanalijua jina hilo, kwani ni wimbo wake mdogo wa waltz ambao Beethoven aliutungia mabadiliko 33 yaliyochapishwa mwaka 1823. Lakini Diabelli alikuwa na maisha yake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1781, akaimba kwaya utotoni, akasomea upadri kwenye monasteri ya Raitenhaslach huko Bavaria, na mwaka 1803 serikali ilipozifunga monasteri akajikuta hana pa kukaa. Akaenda Vienna, akafundisha piano na gitaa, hatimaye akawa mchapishaji. Mtu aliyefundisha watoto wa watu ili apate mkate anajua mtoto anashindwa wapi.

Kazi yake nambari 149 ina vipande 28 vifupi, na sharti lake ni moja: mpigaji wa juu hatoki nje ya nota tano. Kila kidole kina kitufe chake, mkono unatulia mahali pamoja, na mwanzoni mikono yote miwili inapiga wimbo uleule, mmoja juu ya mwingine. Sisi tulipofungua ukurasa wa kwanza tulicheka kwa furaha, kwa maana nota tano hizo ni d r m f s! Tungeweza kumwimbia mtoto wimbo wake wote kabla hajaugusa. Ufunguo ukibadilika, d inahamia penginepo na vidole vinaifuata. Kumbe yale tuliyoyaimba Mwanza tukiwa pekupeku ndiyo aliyokuwa akiyafundisha Diabelli.

Uzito uko chini. Sehemu ya secondo ndiyo inayobeba mapigo, inajaza sauti za katikati, na inabadilisha rangi ya wimbo wakati mtoto anarudia nota zilezile tano. Si ngumu mno, lakini haikupi nafasi ya kulala. Kwa mtu mzima asiyejua piano, vipande vinne vya mwanzo vinaweza kuchukua miezi miwili, kama vilivyotuchukua sisi, tukiandika d r m kwa penseli juu ya kila nota na kujifunza saa kumi alfajiri baada ya zamu huku tumeikanyaga pedali ya katikati, ile inayopunguza sauti kwenye piano nyingi za kusimama, ili majirani wasituitie polisi. Tulikuwa tukijiandaa ili jioni mtoto asitukute mikono mitupu.

Tuseme neno kuhusu kuchapa, maana hapa tuliaibika. Vitabu vingi vya zamani vya mikono minne vimepangwa hivi: ukurasa wa kushoto ni wa secondo, wa kulia ni wa primo, na kila mmoja anasoma wake tu. Sisi tulizipakua kurasa kutoka kwenye intaneti tukazichapa mbele na nyuma ili kubana karatasi. Tulipokaa kupiga, ukurasa wa mtoto ukawa nyuma ya wetu. Akashika karatasi, akaigeuza huku na huku, akatuuliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, "Baba, sasa mimi nasoma wapi?" Chapa upande mmoja tu, kisha uzilaze kurasa mbili pamoja kama kitabu kilichofunguliwa. Na tahadhari nyingine: kuna muziki wa piano moja kwa watu wawili, na kuna muziki wa piano mbili. Ukichanganya, utajikuta kila mtu anahitaji vitufe vyote 88. Katika maktaba na kwenye mtandao, Wafaransa huandika à quatre mains, Wajerumani zu vier Händen, Waitaliano a quattro mani. Ukiona zwei Klaviere au deux pianos, pita.

Hii habari ya watu wawili kukaa kwenye chombo kimoja wengine huiona kama mchezo wa sarakasi, na kweli ilianza karibu hivyo. Mwezi Julai 1765 Leopold Mozart, ambaye alikuwa akizunguka na wanawe Ulaya nzima kuwaonyesha kwa watu, alitangaza kwamba watoto wake wawili watapiga kila siku, saa sita hadi saa tisa mchana, kwenye tavani moja ya Cornhill, London. Kiingilio kilikuwa shilingi mbili na nusu. Tangazo liliahidi kwamba watapiga pamoja kwa mikono minne kwenye kinanda kimoja, harpsichord, kilichofunikwa kitambaa ili wasivione vitufe. Wolfgang alikuwa na miaka tisa, dada yake Nannerl kumi na mitatu. Baada ya hapo piano ikaenea majumbani, na kwa kuwa santuri zilikuwa bado, familia za Ulaya za karne ya 19 zilizijua simfoni kwa kuzipiga wenyewe, wawili wawili. Ndiyo maana maktaba zimejaa mamia ya simfoni zilizogeuzwa za mikono minne, na ndiyo maana mtafutaji asiye na mwongozo hupotea humo. Nyingi si za wanaoanza.

Hata kwetu jambo hili si geni. Baganda wana amadinda, ile marimba yenye vibao 12, inayopigwa na watu watatu kwa pamoja. Wawili wanaketi wakitazamana, mmoja anapiga katikati ya mapigo ya mwenzake, na masikio ya msikilizaji yanasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anaupiga peke yake. Wa tatu ana vibao viwili tu vya juu. Huyo ni primo wetu.

Turudi kwenye kutafuta. Baada ya Diabelli kazi hii inakuwa nyepesi, kwa kuwa sasa unajua unachokitafuta. Kama mmoja ni mtoto anayeanza na mwingine ana uzoefu kidogo, uliza tena nota tano: Diabelli huyohuyo ana sonatina sita za namna hiyo, nambari 163, ndefu kuliko zile 28, na Mjerumani Carl Reinecke ana vipande 12, nambari 54. Kama wote wawili mko sawasawa, Daniel Gottlob Türk aliandika vipande vya mikono minne mwanzoni mwa karne ya 19 ambavyo havimwonei mtu. Tchaikovsky naye, akiwa bado kijana, alizipanga nyimbo 50 za kienyeji za Kirusi kwa mikono minne, zikachapishwa mwaka 1868 na 1869. Nyingi ni fupi sana, zinakwisha kabla mtoto hajachoka, na zina ule uchungu wa nyimbo za wakulima ambao mtu wa kwetu anaufahamu hata bila ya maneno.

Joseph Haydn ana kipande kiitwacho Mwalimu na Mwanafunzi, Il maestro e lo scolare. Mwalimu anapiga sentensi moja huko chini, mwanafunzi anairudia juu, kama kiongozi na waitikiaji. Anzeni na wimbo wenyewe na mabadiliko ya mwanzo, kwani mbele mwendo unakuwa wa kukimbia. Binti yetu alikipenda kwa sababu ya kuvizia: akitusikia tumekosea, anarudia na kosa letu.

Wafaransa ni watamu lakini wanataka uangalifu. Maurice Ravel aliandika Ma mère l'Oye kwa ajili ya Mimi na Jean, watoto wa marafiki zake wa familia ya Godebski, na mara ya kwanza kazi hiyo kupigwa hadharani, Paris, tarehe 20 Aprili 1910, waliopiga walikuwa wasichana wawili wadogo. Msidanganyike na hilo. Ila kipande cha kwanza, Pavane ya binti mrembo aliyelala msituni, kina vipimo 20 tu, mwendo wake ni wa polepole, na mtu wa mwaka wa pili anaweza kukifikia. Vingine vinne viacheni kwanza. Gabriel Fauré aliandika Dolly katika miaka ya 1890 kwa ajili ya binti wa Emma Bardac, na kipande chake cha kwanza, wimbo wa kubembeleza mtoto, Waingereza wa umri fulani wakikisikia hunyamaza, kwani BBC ilikitumia kwenye kipindi cha redio cha watoto, Listen with Mother, kilichorushwa kuanzia 1950 hadi 1982. Ukitaka urafiki na wazee wa nchi hii, kipige hicho. Lakini kina alama nne za kupandisha sauti, na sisi mpaka leo tunajikwaa.

Robert Schumann ana vipande 12 vya mwaka 1849 kwa "watoto wadogo na wakubwa", nambari 85. Cha mwisho, wimbo wa jioni, kinampa mpigaji wa juu mkono mmoja tu, kwa hiyo ni mikono mitatu. Tunakitaja kwa ajili ya wale wenye mtoto aliyevunjika mkono, na haya si mzaha, yalitokea kwetu. Wa chini ajiandae na alama tano za kushusha sauti.

Kuna na kichekesho cha Warusi. Mwaka 1879 Borodin, Cui, Lyadov na Rimsky-Korsakov walichapisha pamoja kitabu ambacho mpigaji wa juu anarudia kijiwimbo kimoja kwa kidole kimoja cha kila mkono, tangu mwanzo hadi mwisho. Kijiwimbo hakibadiliki hata kidogo, ila chini yake kila kitu kinabadilika. Mtoto wa miaka mitano anaweza. Tatizo ni kwamba huko chini wanahitaji mpiga piano wa kweli, siyo besi wa kwaya kutoka Mwanza. Tulikifungua, tukakifunga kwa heshima.

Pa kuvipata? Watunzi wengi tuliowataja walikufa zamani na muziki wao ni wa wote. Maktaba ya mtandao ya Petrucci, IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006, inavyo karibu vyote, na unapakua bila malipo. Katika Uingereza na Umoja wa Ulaya haki za mtunzi hudumu miaka 70 baada ya mwaka aliokufa, kwa hiyo angalieni kabla ya kuchapa. Toleo jipya lililopangwa upya na mchapishaji nalo lina haki zake, hata kama mtunzi alikufa miaka 200 iliyopita. Sisi tunapenda zaidi maduka ya misaada na yale ya vitabu vilivyotumika: sanduku la karatasi za muziki huwa chini ya meza, hakuna anayeligusa, na kitabu kinauzwa bei ya kikombe cha chai. Usinunue kwa kutazama ukurasa wa kwanza. Kila mtunzi ana adabu ukurasa wa kwanza. Fungua katikati, tafuta ukurasa wenye wino mwingi kuliko yote, ujiulize kama huo unauweza. Tazama pia sehemu ya chini kama ina miruko ya mkono wa kushoto kutoka mwisho wa piano hadi katikati. Kama ipo kila kipimo, rudisha sandukuni.

Mkishaketi, elewaneni mambo mawili matatu. Pedali ni ya mtu wa kushoto, vinginevyo miguu itagombana. Mkono wa kushoto wa primo na wa kulia wa secondo watakutana tu, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anapita juu na nani chini. Hesabuni kipimo kizima kabla ya kuanza. Na mmoja akikosea, mwingine asisimame. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lililomponya binti yetu. Peke yake, kosa lilikuwa mwisho wa wimbo. Tukiwa wawili, wimbo ulikuwa unaondoka, na yeye akajifunza kuurukia mbele kama mtu anayedandia daladala.

Kuhesabu tukawa tunahesabu kwa Kiswahili. Hatukupanga. Ilianza kwa kuwa sisi tulikuwa tunahesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne, na yeye akadaka.

Julai iliyofuata shule yake ilifanya jioni ya wazazi, wakatuweka kwenye orodha kati ya mtoto wa tarumbeta na kundi la wacheza dansi. Tulipiga vipande viwili vya Diabelli. Cha kwanza kilikwenda vizuri. Katika cha pili macho yetu yaliruka mstari mzima, mkono wa kushoto ukaganda hewani, na kwa muda ambao tuliuona mrefu kuliko usaili wa uhamiaji hatukujua tuko wapi. Mtoto hakutugeukia. Aliendelea kupiga nota zake tano, na kwa sauti ambayo hata safu ya mbele waliisikia akasema, "Tatu, nne, moja, sasa!" Tukaingia.

Mama yake alikuwa amerekodi kwa simu. Usiku ule tukaituma Mwanza kwa mama yetu mzazi, ambaye alimwona mjukuu wake mara ya mwisho akiwa hajaanza kutembea, na ambaye aliimba soprano miaka 40. Asubuhi tukakuta sauti yake kwenye simu. Kwanza alimsifu mjukuu, akamwombea dua ndefu. Kisha akauliza, "Lakini mbona besi anachelewa? Huyo mpigaji wa chini ni nani?" Mjukuu aliisikiliza mara tatu, kisha akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake chenye viraka, kwamba ni Baba, na kwamba anafanya mazoezi. Tangu siku hiyo wanaandikiana wao kwa wao, nasi hatuambiwi yote.

Sasa ana miaka kumi na nusu na ametupita. Hilo nalo lina muziki wake. Igor Stravinsky alipokuwa Uswisi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, amekatwa na kwao Urusi, aliandika mafungu mawili ya vipande vya mikono minne. Fungu la pili, vipande vitano vya mwaka 1916 na 1917, aliwaandikia wanawe Théodore na Mika kama masomo, na humo sehemu ya juu ndiyo rahisi: mtoto anapiga nota chache, baba anahangaika chini. Lakini fungu la kwanza, vipande vitatu vya mwaka 1914 na 1915, yaani machi, waltz na polka, limegeuzwa. Humo wa chini anarudia kitu kilekile kidogo tangu mwanzo hadi mwisho, na wa juu ndiye mwenye kazi. Urusi Stravinsky hakuikanyaga tena mpaka mwaka 1962, akiwa mzee wa miaka 80. Alifariki mwaka 1971, kwa hiyo huku Uingereza muziki wake bado una wenyewe hadi mwisho wa mwaka 2041. Tumevinunua vitabu vyote viwili.

Juzi binti yetu alivifungua, akavilinganisha, akachukua kile cha vipande vitatu na kukiweka kwenye piano. Akatuambia tukae palepale tulipozoea, kushoto. Tutaanza na waltz Jumapili, tukitoka zamu.